Skrini Ikichelewa, Hesabu Maswali

Opereta amebonyeza kuwasha pampu. Pampu imewaka, mvumo wake unasikika mpaka chumba cha udhibiti, lakini skrini inasema bado imezima. Zinapita sekunde nne, tano, ndipo alama inageuka. Swali la mafundi wa viwandani baada ya hapo huja karibu kwa maneno yaleyale: tubadilishe nini ili PLC inayoendesha mashine na SCADA ya kwenye skrini ziongee haraka? Wengi huwa wameshajijibu kabla ya kuuliza. Wanataka kompyuta mpya, swichi mpya, au mfumo mzima mpya.

Jibu langu haliwafurahishi wauza vifaa. Katika mawasiliano ya aina hii, mara nyingi muda hauliwi na wembamba wa njia bali na wingi wa safari. Programu inamtuma mtoto dukani akalete chumvi; akirudi inamtuma kiberiti; akirudi tena, sabuni. Ukimnunulia mtoto huyo viatu vya kukimbilia utaokoa kidogo. Mpe orodha moja na kikapu, uone. Ushauri wote ulio hapa chini unatoka kwenye wazo hilo, na kwa kuwa linatiliwa shaka sana, tuanze na namba.

Hesabu kwenye laini ya 9600

Chukua Modbus RTU, lugha iliyobuniwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979, ambayo hadi leo inazungumzwa na mita za umeme, inveta, vipima mtiririko na PLC nyingi ndogo. Laini ni RS-485, kasi ni biti 9600 kwa sekunde. Kila baiti husafiri na biti zake za kuanzia, za ukaguzi na za kufungia, jumla biti 11, kwa hiyo inachukua takribani milisekunde 1.15. Swali la kusoma rejista lina baiti 8, na jibu la rejista moja lina baiti 7. Ongeza kimya cha lazima, chenye urefu wa baiti tatu na nusu, baada ya swali na tena baada ya jibu: umefika kama milisekunde 25. Kifaa nacho hakijibu papo hapo. Tukikikadiria milisekunde 20 za kujiandaa, swali moja limekula 45. Rejista 100 zikiulizwa moja moja zinamaliza sekunde 4.5. Hizo ndizo sekunde za yule opereta.

Sasa uliza rejista zilezile 100 kwa swali moja. Swali linabaki na baiti 8, jibu linakuwa na baiti 205, kimya ni kilekile, na kifaa kinajiandaa mara moja tu. Jumla ni milisekunde 272 hivi, karibu mara kumi na saba haraka zaidi, na hakuna shilingi iliyotoka. Linganisha na anayenunua kasi: akipandisha laini hadi biti 115,200, yaani mara kumi na mbili ya awali, huku akiendelea kuuliza moja moja, atasubiri bado kama sekunde 2.5. Baiti zinakimbia kweli, lakini kifaa kinajiandaa kwa muda uleule mara 100. Njia imepanuliwa mara kumi na mbili na kusubiri hakujapungua hata kwa nusu.

Atakayesema kwamba hizi ni habari za laini za kizamani, na kwamba kwake kuna Ethaneti ya megabiti 100, ana haki nusu. Kwenye Ethaneti usafiri wa baiti hauna gharama ya kuhesabika. Lakini PLC bado ina mzunguko wa programu yake, na nyingi hushughulikia mawasiliano mwishoni mwa mzunguko au ndani ya fungu la muda lililotengwa. Katika S7-300 ya Siemens fungu hilo, usipoligusa, ni asilimia 20. Ikiwa mzunguko ni milisekunde 30, na programu ya SCADA inasubiri jibu la swali moja kabla ya kuuliza jingine, maswali 100 yatachukua sekunde 3 hata kama seva ingewekwa juu ya PLC yenyewe.

Pima kabla ya kugusa chochote

Kosa la kwanza ni kuamini ping. Ping ikirudi ndani ya milisekunde 1, fundi anatangaza kwamba mtandao ni mzima na kuhamia kwenye kulaumu kompyuta. Ping hujibiwa na sehemu ya mtandao ya kifaa. Haikuambii lolote kuhusu muda ambao PLC inachukua kusoma kumbukumbu yake na kujibu. Unachohitaji ni picha ya mazungumzo halisi. Kwenye Ethaneti tumia Wireshark, ambayo haiuzwi, kwenye mlango wa swichi uliowekwa kunakili pakiti za mlango wa PLC. Kwenye laini ya RS-485 tumia ukurasa wa uchunguzi wa draiva ya SCADA. Andika haya kwenye daftari:

- maswali mangapi yanatoka kwa sekunde, na kila moja linaomba rejista ngapi;
- muda kati ya swali na jibu: wa kawaida, na ule mbaya kabisa;
- maswali mangapi yamekosa jibu na yakarudiwa;
- mzunguko wa PLC ni milisekunde ngapi SCADA ikiwa imeunganishwa, na ikiwa imechomolewa.

Ukiona maswali mengi yanayoomba rejista moja au mbili, umeshampata mwizi wako. Ukiona maswali machache lakini yanarudiwa sana, ruka hadi sehemu ya waya. Na baada ya hapo badilisha kitu kimoja kwa wakati, kisha upime tena. Fundi aliyebadilisha vitu vinne kwa siku moja hajui kipi kimemsaidia, wala kipi kitamletea taabu wiki ijayo.

Rejista ziwe majirani

Modbus inaruhusu swali moja kusoma rejista 125, au biti 2000 za kuwasha na kuzima. Kwa PLC za Siemens kikapu hupimwa kwa baiti: 240 kwa S7-1200, 960 kwa S7-1500. Kwa hiyo uwezo wa kubeba upo. Kinachokosekana ni mpangilio, kwa sababu aliyeandika programu ya PLC alipanga kumbukumbu kwa kufuata mashine, na aliyetengeneza skrini akaja miezi mingi baadaye akaokota namba huku na kule.

Kazi yenyewe iende hivi:

1. Toa orodha ya tegi zote za SCADA, iweke kwenye jedwali, uipange kwa anwani.
2. Futa zile ambazo hazimo kwenye skrini yoyote, alamu yoyote wala ripoti yoyote. Mfumo uliodumu miaka kadhaa huwa na tegi nyingi za mashine zilizokwisha kung'olewa.
3. Ndani ya PLC tenga eneo moja la kumbukumbu, na mwishoni mwa programu nakili humo namba zote zinazohitajika na SCADA, zikifuatana.
4. Elekeza tegi kwenye eneo hilo, kisha pandisha ukubwa wa fungu kwenye draiva hadi kikomo ambacho kifaa kinakubali.
5. Linganisha namba kwenye skrini na namba ndani ya PLC, tegi kwa tegi, kabla ya kumkabidhi opereta.

Pingamizi la hatua ya tatu ni zito: kugusa programu ya PLC ya mashine inayofanya kazi ni hatari, na wakati mwingine mkataba wa aliyeijenga unakataza. Ni kweli. Lakini nakala hizo hazigusi mantiki ya kuendesha mashine. Zinasoma upande mmoja na kuandika kwenye eneo ambalo hakuna kingine kinacholitumia. Hifadhi programu ya zamani, subiri siku ya matengenezo iliyopangwa, ndipo uipakie. Kama mkataba unakataza kabisa, bado unaweza kusoma fungu zima pamoja na mapengo yaliyo kati ya anwani. Kwenye ile laini ya 9600, rejista ya ziada usiyoihitaji inakugharimu milisekunde 2.3, ilhali swali jipya linagharimu kama 43 kabla hujapata hata namba moja. Pengo lisilozidi rejista 18 ni nafuu kulisoma kuliko kuliruka. Mafundi wengi huona vibaya kuleta namba za kutupa, nami naelewa, lakini hesabu haijali hisia.

Tahadhari mbili hapa. Baadhi ya vifaa, hasa mita na inveta, hukataa swali zima kwa kosa namba 02 ikiwa katikati ya fungu kuna anwani isiyokuwepo. Jaribu kwanza kwa mkono. Na namba za biti 32, ambazo hukalia rejista mbili, zisikatwe mpaka nusu moja ikawa katika swali hili na nusu nyingine katika swali lijalo. Kati ya maswali hayo namba inaweza kubadilika, nawe utapata jumla ya uzalishaji inayoruka kwa maelfu kisha inarudi, kasoro ambayo mtu anaweza kuitafuta mwezi mzima kwenye kipimo kisicho na kosa.

Kila namba na mwendo wake

"Meneja anataka kila kitu kila sekunde." Sentensi hii imelemea mifumo mingi kuliko kebo mbovu. Mjibu meneja kwa tangi lake mwenyewe. Tangi la mita za ujazo 500 linalojazwa na pampu ya mita za ujazo 100 kwa saa linahitaji dakika 3 kupanda kwa asilimia moja. Kuliuliza kila sekunde ni kupokea majibu 180 yanayofanana. Mfumo wa tegi 2000 zinazosomwa zote kila sekunde unabeba namba 2000 kwa sekunde. Ukiziacha 200 kwenye sekunde 1 (hali za mota, shinikizo, mkondo), ukapeleka 600 kwenye sekunde 5 na 1200 kwenye dakika moja (joto la fani, jumla za mita, saa za kazi), unabaki na 340 kwa sekunde. Hiyo ni asilimia 17 ya mzigo wa awali, na hakuna aliyenyimwa namba anayoitumia. Namba zinazoonekana kwenye skrini moja tu zisomwe skrini hiyo ikiwa wazi, kama programu yako inaruhusu.

Hofu ya haki inayobaki ni ya tukio fupi: kitufe kilichobonyezwa kwa sehemu ya tatu ya sekunde, hitilafu iliyotokea ikapotea. Kuuliza haraka zaidi hakutakuokoa, maana siku zote kuna tukio fupi kuliko mwendo wako. Acha PLC ishike. Iweke biti ya kumbukumbu inayobaki juu mpaka opereta aikiri, au ihesabu matukio kwenye kaunta, na ikiwezekana iandike saa ya tukio yenyewe. PLC inapitia programu yake mara makumi kwa sekunde, kwa hiyo ndiyo iliyo karibu na jambo. Kwa sababu hiyohiyo, kizuizi chochote cha usalama wa mtu au mashine kisipitishwe kwenye SCADA, hata baada ya kuiharakisha.

Angalia pia ni wangapi wanaouliza. Skrini ya mashine, SCADA ya chumba cha udhibiti, seva ya kumbukumbu na jedwali la ripoti la ofisini vinaweza vyote kuwa vinaichokonoa PLC moja kwa maswali yaleyale, na PLC ina kikomo cha miunganisho. Weka seva moja katikati iulize kwa niaba yao wote.

Kifaa kilichozimwa na foleni yake

Hapa ndipo mifumo mizuri huharibika ghafla bila mtu kugusa kitu. Kwenye RS-485 vifaa huulizwa kwa zamu. Tuseme viko kumi, kila kimoja kinachukua sekunde 0.1: duru nzima ni sekunde 1. Fundi anazima inveta moja kwa ajili ya matengenezo. Kama muda wa kusubiri umewekwa sekunde 1 na majaribio ni matatu, inveta hiyo iliyozimwa inadai sekunde 3 katika kila duru, na duru inakuwa sekunde 3.9. Vifaa tisa vizima vinaonekana vimezubaa kwa sababu ya kimoja ambacho hakipo.

Dawa ni kuweka muda wa kusubiri kama mara tatu ya jibu baya kabisa ulilopima, jaribio moja la kurudia, na kuiamuru draiva ikiweke kando kifaa kilichokosa kujibu, ikijaribu tena kila baada ya nusu dakika au dakika. Usipunguze muda wa kusubiri kupita kiasi ukidhani unaongeza kasi. Modbus RTU haina namba ya swali. Jibu lililochelewa likifika wakati draiva imeshauliza swali jingine la kifaa kilekile, lenye idadi ileile ya rejista, linaweza kupokewa kama jibu la swali hilo la pili, na joto likaandikwa mahali pa shinikizo. Modbus TCP ina namba ya muamala inayozuia hilo, mradi draiva iikague.

Waya, kwa ufupi

Maswali yakirudiwa sana, tatizo ni la mkononi:

- RS-485 iende kama mnyororo, kifaa hadi kifaa, bila matawi marefu, na rezista ya omu 120 kwenye ncha zake mbili tu.
- Kebo ya data isilale kwenye njia moja na kebo za mota zinazotoka kwenye inveta.
- Upande mmoja wa Ethaneti ukifungwa kwenye dupleksi kamili na mwingine ukaachwa ujichagulie, huu wa pili huangukia dupleksi nusu. Mzigo ukiwa mdogo kila kitu ni shwari. Ukipanda, pakiti zinagongana. Acha pande zote mbili zijichagulie, au uzifunge zote.
- Kamera za ulinzi zisikae kwenye mtandao mmoja na PLC.

"Je, tukihamia OPC UA?"

OPC UA ni hatua nzuri, na inaendana na hoja ya makala haya: badala ya kuulizwa kila mara, seva hutuma namba iliyobadilika tu. Lakini tazama kilicho nyuma yake. Kama seva yako ya OPC UA bado inasoma laini ileile ya Modbus, rejista moja moja, umejenga sebule mpya mbele ya jiko lilelile. Panga kwanza upande wa kifaa.

Kisha chunga vipimo vitatu vinavyochanganywa. Mwendo wa kusampuli ni kila baada ya muda gani seva inaitazama namba. Mwendo wa kutuma ni kila baada ya muda gani inafunga kifurushi. Urefu wa foleni ni sampuli ngapi inazihifadhi kati ya vifurushi viwili. Ukisampuli kila milisekunde 100, ukatuma kila sekunde, na foleni ikawa na nafasi moja, sampuli tisa kati ya kumi zinatupwa kimyakimya. Weka pia kiwango cha mabadiliko ya kupuuzwa: kina cha tangi kikitetereka kwa nusu sentimita kwa sababu ya mawimbi, hakuna haja ya kumwamsha mtu.

Kituo kilicho mbali

Kisima au kituo cha pampu kinachofikiwa kwa mtandao wa simu au setilaiti kinaikuza hesabu yetu ya mwanzo bila huruma. Setilaiti ya kusimama angani iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali kupanda na kushuka, kisha jibu kupanda na kushuka, ni karibu nusu sekunde kwa mwendo wa mwanga peke yake. Maswali 100 ya moja moja ni sekunde 50 zisizoweza kununuliwa kwa kifurushi chochote. Ndiyo maana lugha ya MQTT ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyosimamiwa kwa setilaiti: kituo huzungumza kikiwa na jipya, vinginevyo hunyamaza.

Kama huwezi kuhama Modbus, usipitishe Modbus RTU tupu kwenye modemu ya simu. Modemu hukata ujumbe vipandevipande, kimya kinaingia mahali pasipotakiwa, na kifaa kinaona ujumbe umeisha kabla haujaisha. Weka kituoni kigeuzi cha kuipeleka kwenye Modbus TCP. Chagua kifaa kinachohifadhi data laini ikikatika na kuituma ikirudi. Na mlango 502 usiachwe wazi kwenye intaneti hata kwa siku moja ya majaribio, kwa sababu Modbus haiulizi nenosiri. Pitisha kila kitu kwenye njia ya VPN, nayo ucheleweshaji wake ni mdogo kuliko wanavyodai wasiotaka kuiweka.

Wakati wa kununua

Yote haya yakifanyika na vipimo bado ni vibaya, sasa fungua mkoba, kwa mpangilio huu: pandisha kasi ya laini ya RS-485 kwa vifaa vyote kwa pamoja; igawe laini yenye vifaa vingi iwe mbili au tatu, kila moja na mlango wake kwenye seva; ongeza kadi ya mawasiliano kwenye PLC; na mwisho kabisa, badilisha PLC. Na kwa mashine mpya, andika kwenye masharti ya zabuni kwamba muuzaji atakabidhi orodha ya rejista, zikiwa katika fungu moja linalofuatana, pamoja na mpangilio wa baiti wa kila namba ya biti 32. Idaiwe kabla ya malipo ya mwisho, na nakala moja ya karatasi ibandikwe ndani ya mlango wa paneli.